Tyubu Aliyoacha Yahaya

Batuli binti Adinani hakuwa mtu wa kutupa kitu. Mtaani kwao Isevya walisema ukimpa Batuli moshi ataufunga kwenye mfuko, na siku ya baridi atakuuzia wewe mwenyewe. Hakukasirika. Mwanamke aliyeanza biashara kwa asali ya mali kauli, akiipima kwa kikombe cha chai kibarazani, hana nafasi ya kuwakasirikia watu wanaonunua kikombe kimoja kisha wakaomba kulamba mwiko.

Babu wa babu yake alifika Tabora na pembe ya ndovu begani, mpagazi wa msafara, akaugua, akaachwa hapo, akapona, akaoa. "Sisi tuliingia mji huu na mzigo wa mtu mwingine," Batuli alipenda kusema akiwa na wanunuzi. "Mimi mzigo huu ni wangu. Usiniguse bei." Na kweli, bei yake haikuguswa. Alikuwa na ghala nyuma ya soko, mapipa yamepangwa kama waumini safu ya kwanza, na wateja wanaotoka mbali. Yote hayo aliyapata kwa mdomo wake na kwa ukaidi wa kutolala mchana.

Asali ilimlea na asali ilimfundisha. Ilimfundisha kutambua kwa ulimi asali ya msimu wa mvua na ile ya kiangazi, na kumjua mrina aliyezidisha moshi. Lakini jambo moja ilimfundisha vibaya. Asali haiozi. Ukiifunika isiingie maji, utaikuta kama ulivyoiacha, na pengine ikiwa tamu zaidi. Mtu akiishi na mali ya namna hiyo tangu ujana wake, huanza kudhani vitu vyote vya chungani na chupani vina tabia ya asali. Ukimwonyesha Batuli tarehe iliyochapwa kwenye kopo, alicheka. "Tarehe ni za wauza maziwa," alisema.

Alikuwa na mtoto mmoja, Yahaya. Mume alikwisha kwenda zake zamani, na habari zake hazina faida hapa. Yahaya ndiye aliyekuwa miguu ya biashara. Alipanda pikipiki akashika barabara ya Sikonge, akaipita, akaingia misitu ya miyombo upande wa Ipole, njia ile ile ya misafara ya zamani, akarudi na madumu ya asali yamefungwa huku na huku hata pikipiki haionekani. Vumbi la huko ni jekundu na jembamba kama unga uliochekechwa. Lilimwingia machoni mpaka akawa anayafikicha hata akiwa usingizini.

Safari moja alirudi na mtoto wa mbwa kifuani, ndani ya koti. Alipewa na Vedasto, mrina asali wa Ipole, mtu wa Kanisa la Moravian, mpole, aliyekuwa akiwauzia asali miaka nenda miaka rudi.

"Yahaya," Batuli alisema mlangoni, "huyo haingii humu. Mimi nasali humu."

"Atakaa ghalani, mama. Atalinda asali."

"Majirani watasema nini? Nyumba ya binti Adinani ina mbwa!"

"Waache waseme."

Basi mbwa akaitwa Waache. Alikuwa jike, rangi ya mchanga, sikio moja wima, moja limelala. Alikua akawa anapanda pikipiki kama abiria aliyelipa, mbele, juu ya tangi, pua kwenye upepo. Wauza mkaa wa njia ya Sikonge walimjua. Batuli alimpa ugali uliobaki na mifupa, akamwekea sharti la kutovuka kizingiti cha ghala kuja upande wa nyumba, na Waache akaishika sheria hiyo kuliko wapangaji wengi.

Mwishoni mwa kiangazi, Yahaya alianguka kwenye mchanga mbele ya Ipole, mzigo ukamlalia. Hakuna aliyepita. Vedasto ndiye aliyemkuta kulipokucha, akiwa kwenye baiskeli yake akielekea mizingani. Alimkuta amelala ubavu kama mtu anayeisikiliza ardhi, na Waache amemlalia miguuni. Asali ilikuwa imemwagika ikanywewa na mchanga, nyuki wamejaa, lakini Vedasto alisema, na aliapa, hakuna nyuki aliyekuwa amemgusa marehemu.

Wakamleta nyumbani kwa lori la mbao. Wanaume wakamwosha, wakamvika sanda, wakamchukua. Batuli akabaki ndani na wanawake wenzake, kama ilivyo desturi yetu. Mama hafuati jeneza. Waache alilifuata. Wakamfukuza kwa mawe, akarudi nyuma, akafuata tena kwa mbali. Walipomshusha Yahaya, alikuwa amekaa ng'ambo ya makaburi anatazama. Alirudi jioni, miguu yake ina udongo mwekundu wa kule, akajilaza mlangoni mwa ghala. Batuli alimkuta hapo. Akautazama ule udongo muda mrefu, na hakuufagia.

Kwa hiyo duniani yalikuwapo macho ya kiumbe mmoja tu yaliyomwona Yahaya akikata roho na kumwona akishushwa ardhini. Batuli hakumwambia mtu jambo hilo. Ni hesabu ambayo mtu huifanya moyoni mwake kisha akaifunika, kama pipa.

Matanga yalipoanuliwa alifungua ghala. Nguo za Yahaya akawagawia wenye kuhitaji. Pikipiki akaitengeneza, akaiuza kwa kijana wa bodaboda. Alipata bei nzuri, na majirani wakasema moyo wa huyu mama ni wa jiwe la kusagia. Hawakujua kwamba pikipiki ile ikiwa uani angeisikia ikiwaka kila alfajiri, na ndiyo maana aliitaka iondoke. Mfanyabiashara akishindwa kukitazama kitu, hukiuza.

Kitu kimoja tu kilibaki ndani ya sanduku la Yahaya, kwa sababu hakikuwa na mnunuzi: tyubu ya dawa ya macho. Alipewa katika duka moja la dawa kwa ajili ya yale macho yaliyowashwa na vumbi. Ilikuwa imetumika kidogo. Yahaya hakujua kukamua kitu kuanzia mwisho. Alikamua katikati, na mama yake alimgombeza miaka yote, iwe dawa ya mswaki au gundi. Tyubu ile ilikuwa imebonyea katikati, alama ya kidole gumba kamili. Batuli akaiweka rafuni, kando ya mshumaa na kiberiti. Dawa ni dawa.

Sasa pikipiki iliyouzwa Tabora haihami Tabora. Yule kijana alipata abiria pande zote, na mara kwa mara alipita nyuma ya soko. Waache aliujua mlio ule tangu mbali, kabla Batuli hajausikia. Alisimama. Lile sikio lililolala likainuka. Kisha alikimbia. Alikimbilia ile pikipiki mpaka kona, akaona mtu aliye juu yake, akarudi polepole. Hakujifunza. Batuli alimfunga kamba, akaitafuna. Alimfungia ndani, akalia hata wanunuzi wakashindwa kusikilizana.

Siku moja pikipiki ilipita kwa njia ya uchochoroni, upande wa ua wa minyaa. Mnyaa unaujua: fimbo za kijani zisizo na majani, ukikivunja kijiti kinatoa utomvu mweupe kama maziwa, na mtoto wa Kinyamwezi kabla hajajua kuhesabu ameshaambiwa usiushike ukagusa jicho. Waache hakuzunguka. Aliupasua ule ua katikati. Aliporudi, kichwa kizima kilikuwa na madoa meupe, na jicho la kushoto amelifumba, machozi yanamtiririka.

Hapo ndipo palipotakiwa maji. Maji mengi safi, ya kumwagia jicho mpaka mkono uchoke, kisha daktari siku hiyo hiyo. Batuli alimfuta kwa pembe ya kanga. Aliufuta utomvu usoni, hakuufuta ndani ya jicho, na hayo tu ndiyo aliyoyajua. Kesho yake jicho likawa jekundu, limevimba, limetoa tongotongo. Akaikumbuka tyubu.

Usidhani aliitumia kwa ubahili peke yake. Ubahili ulikuwepo, sikatai. Lakini alipoishika, kidole gumba chake kilitua kwenye ile alama, na kwa muda akawa kama amemshika mtu mkono. Dawa ya Yahaya kwa mbwa wa Yahaya. Ilionekana kuwa ni haki. Akambana Waache kati ya magoti, akamfunua kope, akaikamua tyubu kuanzia mwisho asiiharibu ile alama, akaisukuma ncha mpaka ikagusa jicho, dawa isipotee bure. Kisha, kwa kuwa aliamini kinga ni bora kuliko tiba, akampaka na jicho la kulia lililokuwa zima. Ncha ile ile, bila kuifuta.

Na jicho likapata nafuu! Wekundu ukaondoka, uvimbe ukashuka. Batuli alimwita jirani yake Shamila, mwanamke wa mdomo na moyo mkunjufu, fundi cherehani wa kibaraza cha pili.

"Njoo uone. Mlisema nitupe vitu."

Shamila akachungulia kwa mbali, akiwa ameinua doti lake lisimguse mbwa. "Mashallah. Na umempaka dawa gani?"

"Ya Yahaya."

Shamila akasema, "Basi hata huko aliko anakusaidia kazi."

Batuli akageuka akajifanya anakaza kifuniko cha pipa.

Ile nafuu ilikuwa ya uongo. Siku chache baadaye katikati ya lile jicho palitokea doa la buluu iliyopauka, kama macho ya samaki aliyelala sokoni. Waache akawa analisugua kwa mkono, analiburuza kwenye gunia, anajificha nyuma ya mapipa mwanga usimfikie. Batuli akazidisha dawa. Doa likazidi kuwa jeupe. Halafu na lile la kulia likaanza kutoa usaha.

Vedasto ndiye aliyemkuta katika hali hiyo, alipoleta asali.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama huyo kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, Vedasto. Teremsha tupime."

Vedasto hakuteremsha. Alikuwa ameshachuchumaa mbele ya Waache, ameshika kidevu chake. "Mayu, huyu anaumwa."

"Namtibu."

"Kwa dawa gani?"

Akamwonyesha tyubu. Vedasto hakujua kusoma vizuri maandishi madogo yale, na hakujifanya anajua. Akasema tu, "Kwetu ningemtia asali ya nyuki wadogo, wazee walifanya hivyo. Lakini mimi nilimtia mbwa wangu mmoja, sisimizi wakamfuata jichoni, akajikuna mpaka jicho likatoka. Tangu hapo najua jicho si mahali pa kubahatisha. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, mayu. Asali hii itanisubiri, haiozi."

Batuli alivaa baibui, akafunga kamba shingoni mwa Waache, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatembea katikati ya mji wa Tabora akiongoza mbwa. Watu waligeuka. Mwanamume mmoja kwenye kijiwe cha kahawa alimwita, "Binti Adinani, umebadilisha biashara?" Alijibu bila kusimama, "Nimechoka kuuza asali kwa wenye midomo michungu."

Daktari wa mifugo aliitwa Emilian, kijana mwenye duka la dawa za mifugo na chumba cha nyuma chenye meza ya saruji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nataka dawa ya macho ya mbwa, na usiniambie bei ya Wazungu."

"Tumwone kwanza mama. Bei itakuja."

"Mimi huanza na bei."

"Leo tuanze na mbwa."

Alinawa mikono. Akamtia Waache tone la rangi jichoni, akafunga dirisha, akawasha tochi ndogo. Batuli akaona kwa macho yake: katikati ya lile jicho la kushoto palikuwa na kidonda kikubwa, kinang'aa kijani, kimechimbika. Emilian alikaa kimya kupita kiasi. Mtu wa biashara anakijua kimya cha namna hiyo. Ni cha mtu ambaye mzigo wake umeshaharibika na anatafuta namna ya kukuambia.

"Mama, umempaka nini?"

Akaitoa tyubu kwenye kibindo. Emilian akaigeuza, akasoma, akatazama tarehe, akasoma tena.

"Hii alipewa mtu."

"Mwanangu."

"Alikuwa na macho ya kuwasha? Vumbi?"

"Ndiyo."

"Basi yeye labda ilimfaa. Humu ndani mna dawa mbili, mama. Moja ni antibayotiki, ya kuua vijidudu. Nyingine ni steroidi, ya kutuliza wekundu na muwasho. Hiyo ya pili ikikuta kidonda kwenye kioo cha jicho, inakizuia kufunga. Wekundu unaondoka, unaona amepona, kumbe kidonda kinakwenda chini. Na tarehe yake imepita, na ilishafunguliwa siku nyingi."

"Lakini alipata nafuu. Niliona."

"Uliona wekundu umeondoka."

Batuli akakaa kwenye ndoo iliyokuwa imefunikwa pale. "Je, la kulia? Lile halikuumia."

"Nalo ulipaka?"

"Kwa kinga."

"Kwa ncha hii hii? Iligusa?"

Batuli aliitazama ile ncha, akaitikia kwa kichwa. Emilian naye hakumbana. Akatia rangi jicho la kulia, akalichunguza muda mrefu. "Hili kidonda hakijaingia. Vijidudu vimehamia tu kutoka kwa mwenzake. Hili tunaweza kupigania. La kushoto, mama, limeshaoza. Tukiliacha litapasuka na kumtesa. Inabidi litolewe."

Kwa kawaida mtu akimwambia Batuli "inabidi", yeye husema "punguza". Alifungua mdomo. Midomo ikatafuta neno la kupunguza, ikalikosa, maana hapakuwa na kitu cha kupunguza: jicho haliuzwi nusu.

"Daktari," alisema mwishowe, "hayo macho..." Akaishia hapo. Akafunga kibindo. "Fanya."

Emilian akamlaza Waache usingizi juu ya ile meza. Batuli alikataa kutoka nje. Alimshika mguu wa mbele mpaka mwisho, na aliyatazama yote. Safari hii hakuna desturi iliyomzuia.

Baada ya hapo ilianza kazi ya jicho moja. Emilian alimpa tyubu nyingine, ya antibayotiki tupu, na akamfundisha kama unavyomfundisha mtu kuchuja asali. Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Safisha tongotongo kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, toka pembe ya ndani kwenda nje, pamba ukiitumia mara moja uitupe.

"Niitupe?"

"Uitupe, mama."

Vuta kope la chini lifanye kama kamfuko. Weka dawa kidogo, kiasi cha punje ya mchele, ncha isiguse jicho, isiguse kope, isiguse manyoya. Mfumbe jicho taratibu dawa isambae. Funga kifuniko hapo hapo. Ukiona jicho limevimba zaidi baada ya kupaka, au anajikuna kwa wazimu, acha, umlete. Na ukiona amepona, usiache. Unaacha nikikuambia mimi.

"Na itakayobaki?"

"Iletwe hapa niichome. Pamoja na ile ya kwanza."

Batuli akaitia ile ya kwanza kibindoni. "Nitaileta," alisema, na ilikuwa wazi kwamba hakuwa tayari.

Waache alihitaji kitu cha kumzuia asijikune. Emilian hakuwa na kola ya ukubwa wake. Batuli alirudi ghalani, akazigeuza ndoo moja moja kutafuta yenye ufa, akakosa, akachukua nzima, mpya, akaikata kitako kwa kisu cha moto. Akaisugua kwa sabuni mpaka harufu ya asali ikaisha, asije akaita sisimizi, akakunja kitambaa ukingoni isimkate. Waache akatembea amevaa ndoo ya manjano kichwani, anagonga mapipa, watoto wa mtaani wakicheka hadi kukaa chini. Hata Shamila alicheka, akajificha uso na kitambaa alichokuwa akishona.

Saa hakuwa nayo. Alifuata adhana. Ikiadhiniwa alfajiri, alishika sabuni, akampaka, kisha akanawa tena kwa ajili ya sala, tena kwa udongo na maji kama ilivyofundishwa madrasani kwa aliyeguswa na mate ya mbwa. Adhuhuri vile vile. Magharibi vile vile. Shamila alimwona akinawa, akamtania.

"Mama Yahaya, ngozi itakwisha."

"Nanawa kabla kwa ajili yake, na baada kwa ajili ya Mungu. Wewe unanawa kwa ajili ya nani?"

Jicho la kulia lilikwenda mbele, likarudi nyuma, likaenda mbele tena. Kulikuwa na asubuhi lilipofunguka safi Batuli akadhani kazi imekwisha, na mkono wake wa zamani, mkono wa kuweka akiba, ukataka kukifunga kifuniko na kuiweka tyubu rafuni kwa siku nyingine. Aliukataza. Akampaka. Wakati akipaka, Waache alimtazama kwa lile jicho moja kwa karibu mno, na Batuli akaona ndani yake kivuli kidogo cha mtu aliyejitanda ushungi. Akangoja, sijui akingoja nini. Hakuona mwingine. Jicho halihifadhi kitu, si pipa. Akalifumba taratibu kwa kidole, dawa isambae.

Siku Emilian aliposema inatosha, tyubu ilikuwa bado na dawa. Habari mtaani haina mlango. Batuli alipofika tu kibarazani Shamila alikuwa anamsubiri, paka wake mikononi, jicho moja limefumba.

"Mama Yahaya, nifinyie kidogo ya huyu. Najua yako imebaki."

"Hapana."

"Kidogo tu! Punje ya mchele, si ndivyo unavyosema?"

"Mpeleke kwa Emilian. Hii imeandikiwa mbwa, na tena mbwa huyu. Kuna dawa mbwa haimdhuru na paka inamwangusha. Na hatujui hilo jicho lina nini. Labda ni mchubuko, labda ni mwiba."

"Ehe! Leo Batuli ndiye wa kunipeleka kwa madaktari." Shamila akamshusha paka. Mzaha ukamtoka usoni. "Sema unaninyima. Msiba wa mwanao nililala kwako sakafuni, leo unaninyima dawa ya paka."

Neno hilo lilimpata. Batuli angeweza kumpa ile dawa yote, na pipa la asali juu yake, ili asilisikie neno lile tena. Akasema, "Nakunyima, ndiyo. Twende kwa Emilian pamoja. Nitakubebea paka."

Shamila akasonya, akaingia ndani na paka wake. Haikupita siku nyingi alimpeleka mwenyewe, lakini mazungumzo ya kibarazani hayakurudi kuwa yale ya zamani, na Batuli hakuwa na bei ya kuyanunulia.

Akaenda kwa Emilian peke yake, na Waache. Akaitoa tyubu mpya akaiweka mezani. Kisha akaingiza mkono kibindoni akaitoa ile nyingine. Ilikuwa na joto la mwili wake. Ile alama ya kidole katikati ilikuwa bado pale. Hata siku alizokuwa akiitumia hakuiharibu.

"Zote, daktari?"

"Zote, mama."

"Hii ya kwanza imekwisha karibu yote. Haiwezi kumdhuru mtu."

"Wewe unaishi mtaani na watu, mama. Atakuja mtu siku moja hupo, jicho linamuuma, ataiona rafuni."

Batuli alijua hivyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mtu huyo. Lakini mtu aliyezoea kupatana hawezi kuondoka sokoni kwa bei ya kwanza.

"Basi nipe kifuniko. Kifuniko hakina dawa."

Emilian alimtazama, akaelewa, akaanza kukifungua. Alikuwa kijana mwema. Kifuniko kilikuwa kidogo cheupe, na ukingoni kilikuwa na utando wa njano uliokauka. Akamnyooshea mkononi. Batuli akautazama ule utando.

"Hapana," akasema. "Nacho kimegusa. Choma vyote."

Hakungoja kuona moto. Alitoka na Waache, wakashika njia ya nyumbani. Jua lilikuwa kali, barabara ina vumbi. Waache alitembea mguuni pake, Batuli akiwa upande wa jicho lililobaki, na kila baada ya hatua chache alijigonga kwenye kitu cha upande wa pili, gunia, baiskeli, mguu wa mtu. Batuli akahamia upande ule wa kipofu, akatembea huko.

Karibu na kona ya soko, pikipiki ilisikika. Ilikuwa ni ile. Ilikuja kwa nyuma, upande wa kushoto. Sikio lililolala likainuka. Waache hakukimbia, alianza kugeuka, mwili mzima, akilizungusha lile jicho moja lifike upande wenye mlio, na mpaka alipofika huko pikipiki ilikuwa imeshakata kona, vumbi tu limesimama.

Akalitazama lile vumbi. Batuli hakumvuta kamba. Alisimama naye katikati ya njia, watu wakiwapita na maneno yao, mpaka Waache alipotosheka mwenyewe kutazama.